Saa ya babu ina unyayo wa kuku mgongoni

SWALI

Shikamoo mzee wetu,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Isevya, Tabora. Nakuandikia kwa sababu ya saa moja ya marehemu babu ambayo sasa inataka kutugombanisha ukoo mzima.

Babu mzaa baba alikuwa askari wa Keya, yaani KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alikwenda Bama (Burma) kwenye vita ya pili ya dunia, akarudi, akaajiriwa reli hapa Tabora mpaka alipostaafu. Tuliambiwa alirudi vitani na koti zito, mkebe wa chakula na hiyo saa. Koti lililiwa na mchwa, mkebe sijui ulikokwenda, saa ndiyo imebaki.

Ni ya mviringo, ukubwa kama kifuniko cha chupa ya chai. Uso wake mweusi, namba nyeupe kuanzia 1 hadi 12. Akrabu na baadhi ya namba zimepakwa kitu ambacho sasa kina rangi ya ugoro. Babu alisema zamani kilikuwa kiking'aa kijani gizani, mimi sijawahi kuona. Chini penye 6 kuna kifundo cha kuitia ufunguo, na pembeni ina masikio yenye matundu ya skrubu. Babu aliichongea kiweko cha mninga kwa mikono yake. Kila Ijumaa akitoka msikitini aliitia ufunguo, kisha anakisugua kiweko kwa nta ya nyuki. Hadi leo ukikisogeza puani unasikia harufu ya nta.

Kabla hajafariki aliniita, mbele ya shangazi, akasema, "Hii utaitunza wewe." Hakuna karatasi. Baba mdogo anasema mali ya marehemu ni ya watoto wake, siyo ya mjukuu. Tulikuwa tunaishi hivyo hivyo kwa amani mpaka mwezi uliopita, alipokuja mtu anayetafuta "vitu vya Mjerumani". Baba mdogo akamwambia saa hiyo ilitoka kwenye ile meli ya Wajerumani iliyozamishwa Kigoma, ambayo leo ni Liemba. Yule mtu akasema kama ni kweli atatoa milioni tatu, ila aichukue bila kile kiweko, na kwanza isuguliwe ing'ae. Jirani naye amesambaza maneno kwamba ndani mna zebaki. Fundi saa wa sokoni anasema haina lolote, ameahidi kukwangua rangi ya zamani kwenye akrabu na kupaka mpya inayowaka usiku.

Mgongoni, kwenye bati, kuna taji dogo, herufi A.M., kisha 6A/ na namba zilizofutika. Pia kuna alama ya mistari mitatu inayokutana juu, kama unyayo wa kuku. Haitembei tangu babu afariki. Nahisi tuliikaza kupita kiasi. Kwa sasa ipo juu ya kabati chumbani kwa binti yangu wa miaka sita, maana anaipenda kuliko sisi wote.

Naomba unisaidie. Ni saa gani hii? Ni ya Mjerumani kweli? Tuiuze? Na nikueleze ukweli, tangu nianze kuichunguza nimepata hamu ya kukusanya saa za kijeshi za zamani. Mtu wa mshahara wangu anaanzia wapi?

Mjukuu wa Keya, Tabora

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho langu lilikwama kwenye lile kabati la binti yako. Kabla hujaendelea kusoma, inuka ukaitoe saa chumbani humo. Itie kwenye kopo au sanduku lenye mfuniko, ukaliweke stoo au mahali ambapo halali mtu na hewa inapita. Nawa mikono kwa sabuni, kisha rudi tuongee.

Sikuandikii hivi ili ukose usingizi. Ile rangi ya ugoro, kwa saa ya namna hiyo na ya miaka hiyo, karibu kila mara ni rangi ya radiamu. Radiamu waliigundua Marie na Pierre Curie mjini Paris mwaka 1898. Ukiichanganya na unga wa zinki salfaidi, mionzi yake inaufanya unga huo ung'ae usiku kucha bila kuanikwa juani wala kumulikwa taa. Rubani aliyeruka gizani, au baharia kwenye chumba kilichozimwa taa ili adui asimwone, alihitaji kitu cha aina hiyo hasa. Ndiyo maana majeshi yaliipenda.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo watu wengi wanapokosea. Kinachochoka ni zinki. Ikishachoka, saa haing'ai tena, na watu husema dawa imekufa. Radiamu yenyewe haijafa. Inachukua miaka kama 1,600 kupungua nusu, kwa hiyo saa iliyopakwa mwaka 1940 bado inayo karibu yote iliyopakwa siku ile. Kutong'aa hakukuambii kwamba ni salama.

Saa iliyofungwa, kioo kizima, ukiishika dakika chache kuitazama haitakudhuru. Hatari iko kwenye vumbi lake likiingia mdomoni au puani, na kwenye gesi ya radoni inayotoka kidogo kidogo na kujikusanya chumba kisichopitisha hewa. Wasichana waliokuwa wakipaka rangi hii kwenye nyuso za saa kule New Jersey, Marekani, katika miaka ya 1910 na 1920, walifundishwa kuchongoa ncha ya brashi kwa midomo yao. Taya zao zilioza, na wengi walikufa wakiwa bado wabichi. Fundi wako anataka kukwangua rangi ileile kwa kisu, juu ya meza anayolia chakula chake cha mchana. Nenda ukamwambie kwa heshima, maana huenda amekwisha kukwangua nyingine nyingi bila kujua: asifungue, asikwangue, asipulize. Na kama unataka kujua kwa hakika ina mionzi kiasi gani, wapo wenye vipimo na mamlaka ya jambo hilo, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Waulize kwanza namna ya kuwafikishia. Usiitie tu kwenye mkoba ukapanda nayo basi.

Zebaki hamna. Maneno ya namna hiyo yalishawahi kuwapumbaza watu Saudi Arabia mwaka 2009, wakanunua cherehani kuukuu kwa bei ya kutisha wakiamini zina zebaki nyekundu, kitu cha kufikirika tu. Ndani ya saa yenu mna springi, magurudumu ya meno na mafuta yaliyoganda.

Na mafuta hayo ndiyo yameisimamisha, wala hamkuikaza kupita kiasi. Saa haisimami kwa kukazwa mno. Mafuta yakikauka yanakuwa kama gundi, springi imejaa nguvu lakini magurudumu hayawezi kuzunguka, na mtu anayekuta kifundo kigumu anadhani ameiua yeye. Kama kuna mtoto aliwahi kuchapwa kwa kosa hilo hapo nyumbani, muombeni radhi.

Tuje kwenye alama. Mimi nimekuwa nikikusanya saa hizi hapa Kigoma kwa zaidi ya miaka thelathini, na nimejifunza kuisoma saa kwanza, halafu ndipo nimsikilize mwenye nayo. Mwenye nayo anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akawa amekosea.

Huo unyayo wa kuku ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Umegongwa kwa karne nyingi kwenye mizinga, mapipa, vyombo vya kupimia, hata nguo za wafungwa. Hivyo peke yake hautoshi kukuambia kwamba kitu ni cha jeshi. Makoloni yao walikuwa na namna zao: Kanada waliuweka ndani ya herufi C, Afrika Kusini ndani ya U, Australia kati ya D mbili, India wakaweka I chini yake. Tazama vizuri kama pembeni ya unyayo wenu kuna herufi yoyote.

Kilichonifanya nikae sawa kwenye kiti ni A.M. na taji. Hiyo ni Wizara ya Anga ya Uingereza, iliyoanzishwa Januari 1918 na kuunganishwa kwenye Wizara ya Ulinzi mwaka 1964. Na 6A ndiyo fungu la stoo lililobeba vyombo vya ndege. Weka juu yake ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai, masikio ya skrubu na kifundo penye 6, mwanangu, hiyo ni saa iliyokuwa imefungwa mbele ya rubani, kwenye ubao wa vyombo vya ndege. Nyingi za aina hii hutembea siku 8 kwa kutiwa ufunguo mara moja. Babu yako aliitia kila Ijumaa, yaani kila siku ya saba, akabakiwa na siku moja ya akiba. Mtu wa reli huyo!

Kwa hiyo haiwezi kuwa ya ile meli. Meli hiyo, Graf von Götzen, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa kwa vipande, ikaungwa hapa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, mitambo wameipaka grisi ili siku moja waje kuifufua. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Siku ilipozama, Wizara ya Anga ilikuwa haijazaliwa. Saa ya jeshi la majini la Kaisari wa Ujerumani ungetarajia kuikuta na herufi M yenye taji juu yake, na ya Wajerumani wa vita ya pili M yenye tai. Taji peke yake lisikuchanganye, wafalme walikuwa wengi. Baba mdogo simlaumu. Huku kwetu kila kizee cha chuma ni cha Mjerumani, na nyinyi wa Tabora mnayo sababu zaidi, maana kwenye karakana ya reli hapo hapo ndipo Wajerumani walipopiga ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo mwaka 1916, wakati vita imewabana, kabla Wabelgiji hawajauchukua mji mwezi Septemba mwaka huo huo. Watu wamechimba mashimo mangapi kuitafuta mali hiyo!

Habari ya Bama je? Hapa saa haimkatai babu yako. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na askari wa Keya, ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika, barabara zimegeuka tope, na chakula na risasi vikawa vinadondoshwa kwa ndege. Ndege za Waingereza zilikuwa juu ya vichwa vyao, zipo zilizoanguka, vipo viwanja vya ndege walivyopita. Askari kupata saa ya ndege mahali kama hapo inaingia akilini. Lakini kuingia akilini si ushahidi. Tafuteni cheti chake cha kuachishwa jeshi, medali kama ipo, na picha. Ukipata nyota ya shaba yenye neno Burma na utepe wenye rangi ya bluu, nyekundu na chungwa, hiyo ndiyo waliyopewa waliopigana huko.

Namba zilizofutika usizitafutie sabuni wala msasa. Subiri usiku, zima taa, mulika bati la mgongoni kwa tochi ya simu ukiilaza pembeni kabisa, mwanga upite juu ya bati kama jua la magharibi linavyopita juu ya matuta ya viazi. Alama ambayo mchana huioni itainuka yenyewe kwa kivuli chake. Piga picha tano au sita, kila moja mwanga ukitokea upande wake. Halafu weka karatasi nyembamba juu ya bati, sugua polepole kwa ubavu wa penseli. Fanya hivyo mgongoni tu, kioo kikiwa kimefungwa, na unawe mikono ukimaliza.

Kuhusu kuisugua ing'ae, nina jambo langu mwenyewe. Mwaka 1998 nilinunua kwa baharia mstaafu hapa Kigoma saa ya meli, kasha la shaba, zito kama jiwe la kusagia. Mgongoni palikuwa na mstari mmoja wa maandishi uliofunikwa na ukutu wa kijani. Nikaona haya kuiweka sebuleni ikiwa hivyo, nikampa fundi mmoja aipitishe kwenye mashine ya kung'arishia. Ilirudi inawaka kama dhahabu, na mgongo wake laini kama kigae. Mstari ule ulikwenda na vumbi. Baharia alishafariki, na mpaka leo sijui saa ile ni ya nani, ya mwaka gani, ya chombo gani. Kila nikiitazama naona uso wa mtu aliyefutwa jina. Kwa hiyo nakusihi, kitambaa kikavu kwenye kasha na kioo, basi. Huyo mnunuzi anayetaka isuguliwe kwanza, ama hajui saa, ama hataki alama zisomeke na mtu atakayemuuzia.

Na kiweko cha mninga msikitoe. Kwa mkusanyaji wa London pengine ni ubao tu. Kwangu mimi ndicho kitu pekee kwenye saa hiyo kinachosema kwamba iliwahi kufika Tabora, ikaishi na mtu, ikapakwa nta. Saa za namna hii zilitengenezwa nyingi sana kwa ajili ya vita. Iliyo na kiweko cha mninga kilichochongwa na askari wa Keya, mimi sijaona nyingine.

Hilo linatuleta kwenye milioni tatu. Yule mtu ametoa bei ya saa ya Götzen, na nyinyi hamna saa ya Götzen. Mkipokea fedha yake mkijua hivyo, ni kumdanganya, na siku atakapogundua atarudi na polisi au na ndugu zake. Mwambieni ukweli kwamba ni saa ya ndege ya Uingereza. Kama bado anaitaka, atume bei mpya kwa picha, saa ikiwa imebaki nyumbani. Anayesema aondoke nayo kwanza akaipime Dar, mpeni maji ya kunywa na mmuage. Na atakayeinunua, yeyote yule, mwambieni kuhusu radiamu kabla ya kuhesabu fedha.

Kwa baba mdogo usiende na barua yangu mkononi ukimsomea kama mwanafunzi aliyefeli. Nenda jioni, na kilo ya sukari, kaa chini, muombe akuhadithie alivyokuwa akimwona baba yake na hiyo saa. Yeye aliiona ikitembea kabla wewe hujazaliwa. Huenda aliwahi kuiona iking'aa. Huenda anakumbuka ilipokaa kabla ya kiweko, au jina la rafiki wa babu waliyerudi naye. Hayo yanahitaji kuandikwa, na ni yeye wa kuyasema. Muulize pia, mkiwa wawili tu, kama ana shida ya fedha. Mara nyingi ugomvi wa vitu vya marehemu huanzia kwenye ada ya shule au dawa ambayo mtu ameona aibu kuitaja. Kama ni hivyo, changishaneni hilo, saa ikae pembeni.

Kisha mwiteni shangazi. Yeye ndiye shahidi wa maneno ya babu, na mkichelewa hamtakuwa na shahidi. Andikeni ukurasa mmoja: saa ni ya ukoo, imo mikononi mwako kuitunza, haiuzwi bila wote watatu kukubali. Wekeni sahihi, kila mmoja abaki na nakala. Ushauri wangu juu ya kuuza ni msiuze. Lakini hilo ni lenu, si langu.

Sasa hamu yako ya kukusanya. Nimefurahi sana kuisikia, kwa sababu vitu hivi vinauzwa kwa kilo kwa wanunua vyuma chakavu kila siku, na wanaojua kuvisoma wanaisha. Kwa mshahara wa mwalimu anza na daftari, tochi na kioo cha kukuzia cha mkononi. Usinunue chochote miezi sita ya mwanzo. Tembelea nyumba za wazee wa reli, omba kuona saa zao, chora alama, andika. Tabora na Kigoma utakutana zaidi na saa za reli kuliko za jeshi: zile zenye herufi EAR&H ni za Reli na Bandari za Afrika Mashariki, shirika lililoundwa mwaka 1948. Ni nzuri na zina historia yetu ndani yake, ila siyo za kijeshi hata muuzaji akiapa. Tena kuwa mwangalifu, saa yenye mhuri wa reli inayouzwa na kijana asiyeweza kusema imetoka nyumba gani, huenda imetoka ukutani kwenye stesheni. Hiyo usiiguse.

Utakutana pia na nyota ya ncha nane yenye J katikati. Ni Junghans wa Schramberg, Ujerumani. Walitengenezea majeshi, lakini walitengenezea raia mara nyingi zaidi, kwa hiyo nyota peke yake ni ya sebuleni. Za Wamarekani, tafuta Chelsea wa Boston au Seth Thomas, zenye U.S. Navy usoni. Nyingi za vita ya pili zina kasha jeusi la bakelaiti, plastiki ngumu ya zamani, badala ya shaba, kwa sababu shaba ilikuwa inahitajika kwenye risasi. Chelsea ina namba kwenye mashine yake inayoweza kukupa mwaka. Ukikuta saa yenye vipande vyekundu kati ya dakika 15 na 18, na kati ya 45 na 48, hiyo ni ya chumba cha redio cha meli: dakika hizo redio zote zilinyamaza kusikiliza kama kuna chombo kinachoomba msaada. Nyingi ni za meli za biashara, wala si za vita, lakini mimi naipenda kuliko nyingine zote nilizonazo. Dakika tatu za ukimya, mara mbili kila saa, bahari nzima inamsikiliza anayezama.

Inayoghushiwa sana ni ile ya jeshi la anga la Uingereza yenye pembetatu nyekundu, njano na bluu kuzunguka uso wote, kila moja dakika tano. Mwaka 1940 ndizo zilizotumika kwenye vyumba vya kuongozea ndege za kivita: taarifa ya ndege za adui iliwekwa mezani kwa rangi ambayo akrabu ya dakika ilikuwa imeielekea, ili mkubwa akitupa jicho ajue habari ipi ni mbichi na ipi imechacha. Bei yake ni kubwa, ndiyo maana watu huchukua saa yoyote ya ukutani na kuibandikia uso mpya. Tazama matundu ya skrubu ambayo hayana kazi, tazama uso msafi mno kwenye kasha lililochakaa. Na saa inayodaiwa ni ya 1940 halafu usiku inawaka kama kimulimuli, imepakwa upya. Ukikuta namba inayoanza na 6645-99, hiyo ni ya mfumo wa namba wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, 99 ni Uingereza. Ilikuja baada ya vita, muuzaji asikuambie ilipigana na Hitler.

Zote zenye rangi ya radiamu zifuate utaratibu ule ule wa sanduku na stoo. Ukiwa na watoto wadogo, nakushauri ukusanye zile ambazo hazikupakwa kabisa.

Limebaki jambo moja, nimeliacha makusudi mwisho kwa sababu sitaki baba mdogo alisikie kabla yako. Lile taji mgongoni. Taji la enzi ya Mfalme George, matao yake yanapanda na kukutana juu kwa mviringo, kama mgongo wa kobe. Taji la enzi ya Malkia Elizabeth, lililoanza kutumika miaka ya 1950, katikati limebonyea. Likiwa la mviringo, babu anaweza kuwa alirudi nalo Bama kama alivyosema. Likiwa limebonyea, saa hiyo ilitengenezwa yeye akiwa tayari yuko reli Tabora, na ilimfikia kwa njia nyingine tusiyoijua. Mhuri mdogo wakati mwingine hausomeki, hivyo usiamue kwa picha moja. Ukishaipiga kwa tochi ya pembeni, nitumie zote, na za lile taji zipige kwa karibu kabisa.